Ukuta wa Mdogo Mtu

Wapendwa, fungeni Biblia kidogo, mnisikilize.

Kulikuwa na ndugu wawili wa tumbo moja, kaka na mdogo wake. Wote walikutwa na ugonjwa mmoja: ule mshipa mkubwa wa damu unaoshuka tumboni ulikuwa umevimba. Wa kaka ulivimba sana. Wa mdogo mtu, kidogo tu. Daktari bingwa alifika hospitali yao mara moja kwa mwezi, na kwa ugonjwa huo alimpasua mgonjwa mmoja tu kila safari. Basi, nani atangulie?

Daktari akazitazama picha zao, akamnyooshea kidole mdogo mtu. "Huyu kwanza."

Kaka akacheka. "Daktari, umezisoma vizuri? Mimi ndiye mkubwa, na uvimbe wangu ndio mkubwa."

"Ni kweli, mzee. Ukubwa nao ni hatari, na wewe nitakupasua. Lakini wako umevimba sawasawa pande zote, na ukuta wake bado mnene. Wa mdogo wako umetoka kinundu upande mmoja, na hapo ukuta umekuwa mwembamba mno. Unaweza kupasuka wakati wowote."

Mmesikia? Daktari hakusema kwa mafumbo. Lakini familia zetu mnazijua! Ukoo ukakaa kikao, wajomba na mashangazi, na hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za ukuta. Waliuliza umri. Shangazi mmoja akasema, "Tangu lini mdogo akanawa mikono kabla ya mkubwa?" Wote wakatikisa vichwa kukubali.

Mke wa mdogo mtu akamfuata mumewe zizini. "Baba Tuponile, daktari alikutaja wewe. Mbona hukusema neno?"

"Nitasemaje mbele ya kaka? Baba alipofariki, yeye ndiye aliyenilea. Mwezi mmoja si mwaka, mama. Nitangoja."

Na kaka mtu alijua. Hapo ndipo panaponiuma mimi. Alimwona mdogo wake ameinamisha kichwa kikaoni, naye akakiita kile kimya heshima.

Basi mdogo mtu akamwambia daktari kwamba anampisha kaka yake; akapasuliwa kaka, na mambo yakaenda vizuri. Siku ya sita akaketi kitandani, akanywa uji, akamwuliza mkewe, "Mbona mdogo wangu hajaja kunijulia hali? Amenikasirikia?"

Mkewe akaweka kikombe chini. "Tulimzika juzi, baba. Tulikuficha mpaka upate nguvu."

Nani huyo anasema amina? Hapo hapana amina, ndugu yangu.

Sisi ndio ukoo ule. Anayelia kwa sauti tunamkimbilia, mwenye cheo tunamtanguliza, na yule aliyefundishwa kupisha tunamsifu kwamba ana adabu. Binti-mkwe wako hajalalamika miaka minane. Umewahi kumwuliza kwa nini? Au unashukuru tu kwamba nyumba imetulia?

Wala msidhani nawasema ninyi peke yenu. Asubuhi hii nimewasomea majina ya wagonjwa wa kuombewa. Mnajua niliyapangaje? Nilianza na mzee wetu wa kanisa, ana mafua. Mafua, wapendwa! Wa mwisho kabisa nikamweka mama mmoja aliyeniletea kikaratasi chenye maneno mawili: "Nimechoka, mchungaji." Nilikisoma Alhamisi. Nikakikunja, nikakitia mfukoni, nikaendelea kunywa chai.

Simtaji. Anajijua, na Mungu anamjua. Mama, nimekukosea, nisamehe. Leo nikitoka hapa nakuja kwako kwanza, mzee wa kanisa atanisubiri.

Na wewe unayenisikiliza, unakwenda kwa nani?