Baba Sifa Anaitwa Nani?

Wapendwa, nipeni masikio kidogo kabla sijafika ninapotaka kufika. Ninyi wa benchi za nyuma mnaochungulia simu, nawaona, na mfano wa leo ni wenu zaidi.

Wanaume wawili walikuwa marafiki wa kushibana. Mmoja alikuwa fundi wa kushona viti vya magari, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Mwenzake alikuwa dereva wa malori ya safari za mbali, na yeye mtaa mzima ulimwita Baba Sifa, kwa sababu binti yake wa kwanza anaitwa Sifa. Waliimba kwaya moja, besi wote wawili. Walilea watoto wao mlango kwa mlango, wakazikiana wazazi. Mama yake Baba Sifa alipofariki, Fundi ndiye aliyehangaika na turubai na mapipa ya maji. Ungemwuliza kama anamjua Baba Sifa, angekuona unamtania.

Basi siku moja dereva mwingine akarudi na habari mbaya. Baba Sifa amekamatwa nchi ya mbali, kule ambako Kiswahili unakiacha mpakani. Ndani ya mzigo aliopewa kubeba vilikutwa vitu vya haramu ambavyo hakuvijua. Yuko gerezani, na katika gereza lile mgeni ambaye hajafikiwa na ndugu anahamishiwa gereza la kaskazini, jangwani huko, ambako mtu anasahaulika na kesi yake inasahaulika.

Mke wa Baba Sifa alikuwa na mtoto mchanga, hawezi safari. Akafunga sweta na dawa za presha za mumewe, akamkabidhi Fundi. Fundi akafunga karakana yake, akapanda basi. Hapo tumsifu kidogo, maana wengi wetu tungeishia kusema tunamwombea.

Alifika akiwa amechoka, akaanza kituo cha polisi. Wakamfukuza. Akaenda kingine, wakamwambia kwa Kiingereza cha kubahatisha kwamba madereva wote wamepelekwa gereza kuu. Akafika gerezani mchana, siku ya kuona wafungwa, na geti lilikuwa linakaribia kufungwa. Kwa bahati askari wa pale alikuwa amewahi kufanya kazi mpakani, Kiswahili anakijua. Akamwambia utaratibu: kwanza unamtaja unayemtaka, ndipo unaulizwa wewe ni nani. Tena akaongeza kwamba gari la kaskazini linaondoka kesho asubuhi.

"Unamtaka nani?"

Fundi akasema, "Baba Sifa."

Mnacheka. Chekeni tu, nitawafikia.

Askari akamwambia hilo si jina, humu kila mtu ni baba wa mtu. Jina lake nani?  Fundi akatafuta kichwani. Alijua Baba Sifa hali bamia. Alijua anakohoa kabla hajaanza kuimba, na kwamba bega lake la kulia linamsumbua wakati wa baridi. Alijua mpaka deni lake la dukani. Jina? Hakuwa nalo.

Akajaribu kueleza kwamba ni dereva, ni Mtanzania, ni mrefu kiasi. Askari akamwambia Watanzania madereva wamejaa mle ndani, yeye haiti watu kwa urefu. Kisha sauti yake ikabadilika.

"Unasema ni ndugu yako, na jina lake hulijui. Wenye mzigo ndio hutuma watu wa namna hii, waje kumfunga mtu mdomo kabla hajafika mahakamani."

 Fundi alikuja kumtoa mwenzake kwenye shimo, na sasa yeye mwenyewe amesimama ukingoni. Akaomba ruhusa apige simu. Akakimbia hadi kibanda cha ng'ambo ya barabara, akampigia mke wa Baba Sifa. Hapatikani. Mama wa watu alikuwa amekwenda kwao kuomba wazee msaada, na kwao mtandao unaufuata mlimani. Akampigia katibu wa kwaya, huku macho yake yakiwa getini, anaona watu wanatoka na hakuna anayeingia.

"Katibu, Baba Sifa anaitwa nani?"

"Kwani si anaitwa Baba Sifa?" katibu akajibu. "Hata kwenye daftari la mahudhurio tumemwandika hivyo."

Ndugu zangu, kwaya nzima. Wameimba naye misiba na harusi, wamevaa naye sare moja, na hakuna hata mmoja mwenye jina lake. Mimi nikifikiria hapo napata uchungu.

Wakati anavuka barabara kurudi, Fundi akakumbuka. Jina lile liliwahi kusomwa mbele yake. Siku ya msiba wa mama yake Baba Sifa, ilisomwa historia ya marehemu, wakatajwa watoto wote, mmoja mmoja, majina yao kamili. Na Fundi alikuwa wapi? Maji alikuwa ameshamaliza kuyajaza. Alikuwa nje ya turubai na wenzake, wanabishana kuhusu mpira, wanasubiri historia iishe ndipo waingie kwenye kuaga. Sasa angetoa karakana yake yote ili arudishiwe dakika zile, na hakuna wa kumrudishia.

Alipofika getini, askari alikuwa ameshika komeo. Fundi akasema ukweli, kwamba jina hajalipata. Askari akamwuliza:

"Sasa wewe unaitwa nani? Nataka nimtajie mkubwa wangu jina la mtu anayezunguka gereza akimtafuta asiyemjua."

Fundi akatamani kukimbia. Ungekuwa wewe usingetamani? Lakini sweta liko mkononi, na dawa ziko ndani ya sweta. Akasema, "Obedi Mika Mgonja."

Askari akaacha komeo. "Rudia."

Akarudia.

"Mtoto wa tatu wa marehemu mzee Mika Mgonja?"

Fundi akajiuliza: Nani huku ugenini anamjua baba yake? Askari akamweleza kwamba yuko mfungwa mmoja, kila asubuhi wakihesabiwa anamwambia maneno yale yale: akija mtu anaitwa Obedi Mika Mgonja, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Mika, huyo ni ndugu yangu, tafadhali usimrudishe. Walimcheka, wakamzoea, mwisho hata askari wenyewe wakayakariri. Basi akafungua geti.

Wakakutana, wavu katikati. Baba Sifa amekonda, lakini ni yeye. Fundi hakuweza kumtazama usoni. Akamwambia, "Ndugu yangu, nimefika getini nikashindwa kulitaja jina lako."

Baba Sifa akakohoa kidogo, kama anavyokohoa siku zote. "Nilijua utashindwa," akasema. "Ndiyo maana nilitaja lako."

Alikuwa amelipata wapi? Msibani kwa mzee Mika, historia ilipokuwa inasomwa. Wenzake walitoka nje. Yeye alibaki ndani, akasikiliza.

Fundi akaandikishwa kuwa ndugu yake, na gari la kaskazini likaondoka bila Baba Sifa. Kesi ikasikilizwa pale pale mjini. Mfano wangu unaishia hapo.

Sasa ni zamu yetu sisi. Sisi ndio watu wa mapipa ya maji. Kuchanga tunachanga, turubai tunafunga, vyombo tunaosha, na historia ikianza kusomwa tunatoka nje. Tunaitana wapendwa, tunaitana Mama Fulani na Baba Fulani, ni heshima nzuri na siikatazi. Lakini mwenzako akipotea leo, ukasimama mbele ya mtu asiyejali sifa zako wala sare yako ya kwaya, utamtaja nani? Tulidhani tunamwendea aliyefungwa kwa sababu sisi ndio tunaomjua. Kumbe aliyefungwa ndiye anayetujua sisi, anatutaja kila asubuhi kwa watu wanaomcheka, na ametusamehe hata kabla hatujaja. Mimi hilo linaniumiza, na natamani liwaumize na ninyi.

Kwa hiyo leo sitasema mgeukie jirani umwambie anapendwa. Hayo mmeyazoea, mnayasema mkitazama dirishani. Leo mgeukie umwulize anaitwa nani, na baba yake aliitwa nani, na usimkatize mpaka amalize. Kama mmekaa benchi moja miaka yote na hulijui jina lake, ona aibu, halafu uliza hivyo hivyo.

Wa nyuma, simu mfukoni. Mimi nanyamaza. Anzeni.