Fundo la Lango

Ngano hii aliyeisimulia kwanza ni bibi yetu Nakijwa, mwaka ule nzige walipomaliza mtama. Alianza hivi, nasi hatubadili.

"Mpo?"

"Tupo, masikio wazi!"

Hapo kale wanyama wa nyika walichoka kuliwa na Simba. Wakajenga boma la miiba, wakamchagua Nyani awe bawabu, kwa kuwa ana vidole. Nyani akafunga lango kwa fundo lake, amewapa mgongo wasione.

Digidigi alikuwa na mtoto mmoja tu. Akasema, "Mjomba Nyani, tufundishe fundo."

"Mimi nipo!"

"Ukiugua?"

"Mimi nipo!"

"Ukifa je?"

"Mama Digi, waniombea kifo? Mimi nipo!"

Wenzake wakamcheka. Usiku ule Digidigi usingizi hakuupata.

Kiangazi kikaja. Mchana mmoja Nyani akafunga lango, akaruka ua, akaenda kula ukwaju. Moto wa nyika ukaja na upepo. Wanyama wakalikimbilia lango. Kwato zikakwaruza, meno yakatafuna, fundo likazidi kukaza.

"Nyani, fungua!" Kimya.

"Nyani, fungua!" Moshi.

"Nyani, fungua!" Moto ukashika miiba.

Digidigi akamlalia mwanawe. Ndipo Ngiri akachimba chini ya ua, wakatoka mmoja mmoja. Mtoto wa Digidigi alitoka kaungua mkia. Nyani walimkuta majivuni, amekufa.

Wakajenga boma jipya, Ngiri akawa bawabu. Jioni ya kwanza akashika kamba kwa meno, akawapa mgongo.

Digidigi akamsogelea. "Bwana Ngiri, geuka tuone."

"Nani aliwatoa motoni?"

"Ni wewe."

"Yupo mwingine?"

"Hayupo."

"Basi wanitakia nini?"

"Nyani naye alitulinda, hadi siku ile." Akamsukuma mwanawe mbele. "Funga huyu akitazama, kisha afungue yeye. La sivyo, sisi twalala nje."

Simba akanguruma, karibu. Ngiri akautazama mkia wa mtoto, bado kidonda. Akageuka. Akafunga polepole.

Mtoto akavuta kamba. Wapi! Akavuta tena. Wapi! Mara ya tatu fundo likafunguka.

"Haya, aje mwingine ajaribu," akasema Ngiri.

Bibi alisema: mshukuruni mlinzi mwema, lakini lango lisimtegemee yeye peke yake. "Nami ngano nimeifunga mkitazama, nikisinzia, msiniamshe, isimulieni wenyewe."

Bibi hayupo tena. Ngiri amekufa, Digidigi amekufa. Yule mtoto aliyeungua mkia yu hai, kazeeka. Bawabu hakuwa kamwe. Lango lafungwa kila jioni, na kila asubuhi lafunguliwa.