Kifaru Bingwa wa Majina ya Miti

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walikuwa na majiko, majirani na maneno ya majirani, palikuwa na Pimbi mjane aliyekaa penye majabali pamoja na wanawe. Mali yake ilikuwa moja tu, mkunazi uliosimama mbele ya mlango. Kiangazi kilipobana na majani yakakauka kau, watoto wa Pimbi waliishi kwa kunazi. Asubuhi kunazi, mchana kunazi, jioni wanalamba kokwa.

Bondeni alikaa Kifaru. Zamani alikuwa Kifaru wa kawaida tu, anakula, anagaagaa matopeni, anakoroma. Mwaka huo akajigundua kwamba ni msomi. Hakuna aliyejua alisoma wapi, na hakuna aliyemuuliza, maana pembe yake ilikuwa ndefu.

Elimu yake ilikuwa ya majina ya mimea. Nchi ile ilikuwa na mila ya kale kwamba mti ni wa ukoo ulioupa jina. Mila hiyo ilikuwa imelala miaka mingi, kwa sababu nani anamkumbuka aliyeuita mpapai mpapai? Kifaru akaiamsha.

Alianza na mkwaju wa Tumbili. Aliugonga kwa pembe, ko, ko, ko, akatangaza kwamba babu yake aliwahi kujikwaa kwenye mzizi wake. Kujikwaa, mkwaju. Neno ni lile lile, alisema, limebadili kanzu tu. Siku ile Tumbili alilala chini. Kisha ikaja zamu ya mlimau wa Nungunungu, kwa kuwa babu huyo huyo alilima pale. Nungunungu alinong'ona kuuliza tangu lini kifaru akashika jembe. Fisi, mpambe wa Kifaru, aliyelipwa kwa mifupa, akamjibu kwamba hiyo ndiyo shida ya kuongea na wasiosoma.

Basi asubuhi moja ardhi ikatikisika, ti, ti, ti, na Kifaru akasimama mbele ya nyumba ya Pimbi bila hodi.

"Wewe Pimbi, mti huu unaitwaje?"

"Mkunazi, Mzee."

"Na kwa nini unaitwa mkunazi?"

Pimbi akafikiri. Mama yake aliuita hivyo, na bibi yake pia. "Ndilo jina lake, Mzee. Zaidi ya hapo sijui."

Fisi alicheka mpaka akakaa chini. "Hajui! Anakula kitu asichojua maana yake!"

Kifaru akaeleza polepole, kama anayemlisha mtoto uji. Bibi yake mzaa baba alikuwa akija hapo kujikuna mbavu, kwaru, kwaru, kwaru. Kuna, kunazi, mkunazi. Pimbi akasema bibi yake yeye alizaliwa chini ya mti ule, wala hakuwahi kusimulia habari za kifaru mwenye kuwashwa. Kifaru akamjibu kwamba kumbukumbu ya pimbi ni fupi kama mkia wake, na pimbi, kama mnavyojua, hana mkia.

Toka siku ile Fisi akakaa shinani na rungu. Kunazi zikaiva, zikaanguka, zikabebwa bondeni kwa vikapu. Watoto wa Pimbi walizitazama zikipita. Kitinda mimba alianza kutafuna magome, na usiku alilia bila sauti, kilio cha mtoto aliyechoka.

Pimbi hakuwa na pembe wala rungu. Alikaa barazani, shavu mkononi, akiwaza. Ndipo akapita Digidigi akichechemea, mguu umevimba kama boga. Alikuwa amechomwa na mwiba wa mchongoma kule njiani. Pimbi alimpa pole, akauliza kama amepata wa kumtibu. Digidigi akasema angempata wapi? Mila inasema mwenye mti hujibu kwa ajili ya mti wake: ukimwumiza mtu, atamtibu na kumlisha nyumbani kwake mpaka apone. Lakini mchongoma ule ni wa porini, hauna mwenyewe.

Pimbi akainua kichwa.

"Shoga yangu," alisema, "usiutoe mwiba huo bado. Nenda kwa Ngiri, nenda kwa Kobe. Waambie siku ya gulio waje mapema, wakae mbele."

Siku ya gulio Kifaru alikuwa amesimama juu ya kichuguu akifundisha, kama desturi yake. Pimbi akajipenyeza, akapiga magoti, akamwamkia shikamoo kwa sauti iliyosikika hadi kwa wauza vyungu.

"Baba mkubwa, nimekuja kuomba elimu. Niliutetea mti kwa ujinga, sasa nimeona aibu. Nifundishe basi. Mchongoma ulipewa jina na nani?"

Kifaru alivimba kwa raha. Mchongoma? Hilo lilikuwa jepesi. Babu yake alichongea pembe yake pale kabla ya kwenda vitani. Kuchonga, mchongoma. Watu wakapiga makofi, na Pimbi akapiga kuliko wote.

"Na mlangamia, Baba mkubwa? Ule unaonyonga mimea ya watu?"

Hapo ndipo babu alipoliangamiza jeshi la nyati, lote, peke yake. Makofi tena.

"Lo, ukoo gani huu! Na upupu je?"

Fisi akamvuta Kifaru sikio. "Mzee," alinong'ona, "upupu tuuache."

"Nyamaza," Kifaru alisema. "Elimu haina kinyaa." Akageukia watu. Upupu ni pupa, alisema. Shangazi yake alikuwa mwenye pupa ya vita, akapita pale mbio, na mmea ukabaki na jina lake. Upupu wote wa nchi hii, toka mtoni hadi mlimani, ni wa ukoo wake.

"Mmesikia nyote?" Pimbi aliuliza.

Wakaitikia wamesikia.

"Basi, wagonjwa, mwenye miti amepatikana."

Digidigi alisogea wa kwanza, akanyoosha mguu uliovimba. Nyuma yake akaja Ngiri na kundi la wanawe waliotambaa kwenye upupu, wote wakijikuna na kulia. Kobe akaja na ua wa bustani yake ulionyongwa na mlangamia, akauweka wote miguuni pa Kifaru. Kifaru alisema yeye alitaja majina tu. Wazee wa gulio wakamuuliza kama mkwaju aliutaja tu, au anaula.

Jioni nyumba yake ilijaa. Wagonjwa walikula kunazi zake, malimau yake na kila kilichokuwa ghalani. Fisi alikanda miguu na kutwanga dawa huku akiapa kwamba kazi hii haikuwamo katika mapatano. Watoto wa Ngiri walilala kwenye mkeka wa Kifaru, na vinyweleo vya upupu vikahamia kwake, vikaingia kwenye mikunjo ya ngozi ambako pembe haifiki. Na kila kukicha waliongezeka wapya, maana porini miiba haiishi. "Kupanda mchongoma," Tumbili alimwambia Nungunungu, "kushuka ndiyo ngoma."

Hatimaye Kifaru akatoka nje, macho mekundu, akaita watu wote.

"Nisikilizeni! Babu yangu hakuchonga pembe. Hakuangamiza mtu. Alikuwa mzee wa kulala tu!"

"Alijikwaa?" akauliza Tumbili.

"Hakujikwaa!"

"Alilima?" akauliza Nungunungu.

"Lini kifaru akalima?"

Pimbi alikuwa amesimama nyuma, kitinda mimba mgongoni. Aliuliza taratibu, kwa heshima zote. "Na bibi yako, Baba mkubwa, alijikuna?"

Kifaru alijisugua kwenye nguzo ya nyumba yake.

"Bibi yangu," alisema, "hakuwahi kufika huku."

Pimbi hakungoja kusikia zaidi. Alipofika majabalini watoto walikuwa wamekwisha panda, matawi yanatikisika, kunazi zinadondoka, po, po, po.

Nanyi wasikilizaji mjue: anayedai undugu na tunda, amedai pia undugu na mwiba.