Maji Yako Yamelala Wapi?

Zamani hizo mvua ilikuwa ikija mlimani Vuhemi inakuja kukaa. Ilishuka juu ya miti, ikapenya majani makavu yaliyorundikana miaka na miaka, ikazama ardhini taratibu bila fujo. Siku nyingi baadaye maji yaleyale yakatokeza chini kabisa, kwenye chemchemi, baridi na safi. Makorongo mnayoyaona leo upande wa machweo hayakuwapo, na mtoto angeweza kutambaa kutoka juu mpaka chini asikute shimo.

Kisha watu wakaja. Walifyeka, wakachonga viwanja kwenye mteremko, wakajenga nyumba moja juu ya nyingine. Nyumba ya juu kuliko zote ilikuwa ya mjane aitwaye Nakijwa. Nyumba ya chini kuliko zote, pale karibu na chemchemi, ilikuwa ya binti yake wa pekee, Naetwe, aliyeolewa huko na kupata mtoto wa kike, Kadori.

Nakijwa alikuwa mwanamke msafi. Sisemi hivyo kwa kumcheka. Wengi wenu mliokaa hapa, nyua zenu nazijua. Yeye hakutaka tope nyumbani kwake. Alichukua udongo wa kichuguu, akauchanganya na samadi, akausiriba ua mzima. Akaupondaponda kwa gogo miezi miwili, akausugua kwa jiwe la mtoni mpaka ukang'aa kama sahani. Pembeni akachimba mfereji wa kutolea maji nje ya lango. Mvua ikinyesha, alitoka na ufagio wake akayasukuma maji yote yaende zake, na mvua ilipokatika ua ulikuwa mkavu kabla ya chungu kuchemka.

Wanawake wenzake walikuja kuutazama ua ule wakaona wivu. Haukupita muda, kila nyumba ya Vuhemi ikawa na ua mgumu na mfereji. Jirani wa chini yake, mzee Mrindoko, aliuponda wake mpaka akajisifu kwamba hata mchwa wameuhama. Nakijwa alifurahi. Alijiona amewafundisha watu jambo la maana, na kwa kweli hakuna aliyemwambia vingine.

Mwaka wa tatu chemchemi ikaanza kukauka wakati wa kiangazi, jambo ambalo lilikuwa halijapata kutokea. Na masika yalipoingia, maji yaliyoteremka mlimani yalikuwa mekundu na yenye haraka. Watu walilisema jambo hilo kidogo, kisha wakarudi kwenye shughuli zao.

Mchana mmoja wa masika hayo Naetwe alipanda kwa mama yake. Mtoto, aliyekuwa na miezi saba, alikuwa amemwacha usingizini, chini ya uangalizi wa mama mkwe wake. Alimkuta Nakijwa amekaa barazani, anapukuchua maharage mekundu.

"Mama," alisema baada ya kuamkia, "juzi maji yalilala ndani kwangu. Sisi tulikaa juu ya kitanda kama kuku. Ukuta wa upande wa mlima umelowa mpaka kiunoni."

"Pole, mwanangu. Mvua za mwaka huu ni nyingi."

"Si mvua, mama. Ni maji yako, na ya mzee Mrindoko, na ya wote walioko juu yangu. Mnayatoa kwenu yanakuja kwangu."

Nakijwa aliumia. Alikuwa ametazamia binti yake ausifu ua. "Mimi nimeyatoa kwangu," alijibu. "Huko yanakokwenda nitajuaje?"

Naetwe aliketi kando yake. Mama yake akampakulia chakula, na kabla hajamaliza kula mvua ikashuka, ile mvua nzito inayoanza bila kutanguliwa na matone. Naetwe akainuka.

"Kaa, ipite kwanza," Nakijwa alisema. "Utateleza huko njiani."

Naetwe akakaa, kwa kuwa ni mama yake aliyesema. Naye Nakijwa, kwa mazoea tu, akachukua ufagio, akaingia uani, akaanza kuyasukuma maji kuelekea mferejini. Maganda ya maharage yakaelea, akayafagia pamoja. Maji yakatoka langoni, yakakutana na maji ya Mrindoko, sauti ikabadilika. Naetwe alikuwa anamtazama mama yake anavyofagia. Ghafla akaitupa sahani akatoka mbio kwenye mvua.

Alikimbia sana, ila maji yalikuwa yametangulia. Mama mkwe wake alikuwa ametoka kidogo tu kuwahamisha mbuzi, na katika kidogo hicho ukuta wa upande wa mlima ukalala chini. Nakijwa alipofika, akihema, alikuta watu wanachimbua tope kwa mikono. Mtoto alipatikana, lakini alikuwa amekwisha kufa. Pale palipokuwa mlango, juu ya tope, yalikuwapo maganda ya maharage mekundu. Nakijwa aliyatambua. Alikuwa ameyapukuchua mchana uleule kwa vidole vyake mwenyewe.

Kule chini kulikuwa tope tupu, hakukufaa kuzika. Kwa hiyo Kadori alipandishwa juu, kwenye migomba ya bibi yake. Wachimbaji walianza shimo la kwanza wakakuta mzizi mnene wa mkuyu, wakaliacha, wakasogea hatua chache wakachimba jingine. Akazikwa humo. Shimo la kwanza halikufukiwa. Lilibaki wazi, na upepo ukalijaza majani ya migomba.

Siku ya tatu ya matanga mvua ikarudi. Waombolezaji wote waliingia ndani. Nakijwa alibaki nje, maana tangu msiba ule alikuwa hawezi kuvumilia kukaa chini ya paa. Akaona maji ya ua wake yakikimbia kama kawaida yao, na sehemu yake ikakata kona na kuingia katika lile shimo lililoachwa. Shimo likajaa. Akangoja lifurike. Halikufurika. Aliendelea kungoja, amelowa chapachapa, na kuku walipoanza kupanda kulala akaenda kuchungulia. Maji yalikuwa yamezama yote, yakiufuata ule mzizi kwenda chini. Yalibaki majani yaliyolowa tu.

Nakijwa aliketi pale ukingoni akalia, kilio ambacho hakukilia hata siku ya kuzika.

Matanga yalipoanuliwa Naetwe alishuka kwake bila kumuaga mama yake. Kesho yake Nakijwa alitoa jembe akaanza kuuvunja ua. Ulikuwa mgumu, na jembe liliruka. Mrindoko alisikia mlio ule akaja langoni.

"Mama Naetwe, msiba umekuzidi," alisema kwa upole. "Pumzika."

"Nitapumzikaje, mzee mwenzangu? Maji hayajapata pa kulala."

Hatua chache mbele ya upenu, mahali maji ya paa yanapoelekea, alichimba bonde refu kama kitanda, kina chake magotini. Aliuchanganya udongo na mchanga na majani yaliyooza ya msituni, akaurudisha ndani kwa ulegevu, asiukanyage. Katikati akapanda magimbi, kwa kuwa gimbi halichukii miguu kulowa. Pembeni akapanda matete. Ukingoni kabisa akapanda masale. Kila mtu wa milima ile anajua kwamba aliyekosa hukata jani la sale na kumpelekea aliyemkosea, na Nakijwa aliyapanda kwa sababu kinywa cha kuombea msamaha hakuwa nacho.

Mvua iliyofuata bonde lake lilikunywa maji yote. Lakini alisimama langoni akaona maji ya Mrindoko na ya nyumba nyingine yakiteremka vilevile, akajua kwamba bonde moja halitamsaidia binti yake. Akakata majani ya sale, akaenda nyumba kwa nyumba. Kila alipoingia alisema neno moja: "Mimi ndiye niliyewafundisha kuyafukuza. Nisameheni, tuyakaribishe." Wengine walichukua jembe siku hiyohiyo. Mrindoko alikaa na lile jani siku mbili akiutazama ua wake aliouponda kwa jasho, kisha naye akachimba, akinung'unika mpaka alipomaliza.

Masika yalipokaribia kwisha, alasiri moja ikashuka mvua nzito kama ile ya kwanza. Naetwe, ambaye mumewe alikuwa ameujenga ukuta upya, alipandisha vyombo kitandani, akasimama mlangoni akingoja maji. Alingoja sana. Kilichofika ni kijito chembamba, tena cheupe, kikapita kando ya nyumba kwenda zake chemchemini.

Akajifunika kanga, akapanda mlima mvua ikimnyeshea. Alifika kwa mama yake akasimama nje ya lango. Hakuamkia.

"Mama, maji yako yamelala wapi?"

Nakijwa akamwonyesha bonde kwa mkono. Naetwe akaingia, akachutama, akatia kiganja kwenye maji kati ya magimbi. Kutoka pale lilionekana kaburi la Kadori kwenye migomba, na karibu yake lile shimo la kwanza. Nakijwa alikata jani la sale akampa kwa mikono miwili. Naetwe hakulipokea. Alibaki amechutama mpaka maji yalipozama yote na udongo ukaonekana. Ndipo akasimama, akalichukua jani kutoka kwa mama yake, na wote wawili wakalia. Mtoto hakurudi. Lakini jani lilipokewa.

Na tangu siku hiyo, mbele ya kila nyumba ya Vuhemi pana bonde la mvua lenye magimbi, na ukingoni yamesimama masale. Mvua inaponyesha hakuna anayeshika ufagio. Ikikatika, watu wa pale hawaulizani habari; mgeni akifika langoni huuliza, "Maji yako yamelala wapi?" na mwenye nyumba humpeleka kwanza bondeni akaone, ndipo amkaribishe ndani. Chemchemi nayo ilirudi, na haijakauka tena.

Lile shimo la kwanza bado lipo kule juu. Hakuna anayepanda kitu ndani yake, hata gimbi. Watu hulitandika majani makavu kabla ya kila masika, na wanaliita kitanda cha Kadori. Maji ya kwanza ya mwaka hulala pale.