Nguchiro Alivyomfundisha Andazi Kwenda Nje

Ngano inabisha hodi!
— Iingie, tumekaa kitako!
Ina mkia, ina meno!
— Ituume taratibu!

Basi hapo kale, Fisi alimwiba mtoto wa mbwa aitwaye Andazi, uani kwa Bi Mashavu mfinyanzi. Akamfungia nyumbani kwake. "Huyu bado mdogo," akasema. "Atakula, atanenepa, halafu nitamla."

Andazi akala. Andazi akalala. Andazi akaamka, chururu! akakojoa mkekani. Fisi akampiga. Kesho yake, chururu! uvunguni. Fisi akamsugua pua kwenye mkojo. Andazi akazidi kuogopa, na kila akiogopa, chururu! Nyumba ikanuka mpaka Fisi mwenyewe, mla mizoga yule, akawa analala kajifunga kanga puani.

"Leo namla hivi hivi alivyokonda!" akanguruma.

Nje alikuwa Nguchiro, jirani wa Bi Mashavu, akimtafuta rafiki yake Andazi. Akasikia, akabisha hodi.

"Shikamoo, Mjomba Fisi."

"Marahaba. Unataka nini, kimkia wewe?"

"Mjomba, ukimla leo utatafuna mifupa mitupu. Niachie nimfundishe kwenda nje. Nyumba itakauka, naye atanenepa."

"Akikimbia je?"

"Mfunge kamba, uishike mwenyewe. Ila nitataka vipande vya nyama."

"Nyama yangu!"

"Si inaingia tumboni mwake, Mjomba? Na tumbo lake ni la nani?"

Fisi akacheka, hi-hi-hii! akaleta nyama.

Jamani, Nguchiro alikuwa fundi! Andazi akiamka, nje. Akila, nje. Akianza kunusanusa na kuzunguka, nje upesi! Mahali pale pale, chini ya mpapai. "Haya, jisaidie." Chururu! Papo hapo kipande cha nyama na sifa: "Hongera, bwana mkubwa!" Akikosea ndani, hakuna kofi, panaoshwa kwa maji na ndimu mpaka harufu iishe. Na Nguchiro naye kila mara alionja ile nyama, eti aangalie kama imeiva.

Kisha akamfundisha kukwaruza mlango.

"Mjomba, ukisikia kwaru-kwaru, fungua mbio. Ukichelewa, shauri ya mkeka wako!"

Kwaru-kwaru! Fisi akafungua. Kwaru-kwaru! Fisi akaacha mfupa mdomoni nusu, akafungua. Andazi hutoka, hujisaidia, hurudi kula nyama. Akarudi, akarudi, mpaka Fisi akaona kamba ya nini, akaitupa.

Asubuhi moja, kwaru-kwaru! Fisi akafungua, nyama mkononi. Andazi akatoka. Akaupita mpapai. Nguchiro alikuwa akimngoja njiani. Wakatimua mbio, pu-pu-pu-pu!

Fisi akabaki mlangoni akiita, "Hongera, bwana mkubwa! Hongera!" mpaka jua likamfika utosini.

Bi Mashavu alimkumbatia mbwa wake huku machozi yakimtoka. Jioni akasikia kwaru-kwaru. Akafungua, akamwona Andazi anakwenda zake nyuma ya ua, anajisaidia, anarudi.

"Makubwa haya!" akasema. "Kaibwa mjinga, karudi msomi! Nani kamfundisha?"

Nguchiro, juu ya ukuta, akajilamba midomo tu.

Mnataka funzo? Haya: ukiiba mbwa, usimtie adabu. Mwache akukojolee mkeka, hutampoteza kamwe!

Ngano imeshiba, inakwenda kulala.
— Ilale, ila isikojoe!