Kiti cha Getini

Hapo zamani, karatasi zetu zote zilipokuwa bado magogo, palikuwa na kiwanda katika nchi ya baridi, huko juu, ambako ukungu hulala mpaka jua likaribie utosini na miti ya milingoti imepandwa mlima hadi mlima. Magogo yaliingia upande mmoja na magome yake, karatasi zikatoka upande wa pili zikiwa nyeupe. Katikati alikaa Fisi.

Fisi ilikuwa mashine. Kazi yake kukatakata magogo yawe vipande vidogo vya kupikwa, na wafanyakazi waliiita hivyo kwa sababu haikuchagua chakula. Ukimpa gogo, anatafuna. Ukimpa jiwe, anatafuna huku akipiga kelele. Ukimpa mtu... jamani, tuyaache hayo kwanza. Mkanda mpana wa mpira ndio uliompelekea chakula, na watu walisimama kandokando ya mkanda huo kutwa nzima, wakiondoa mawe na kunyoosha magogo yaliyolala vibaya.

Msimamizi wa zamu alikuwa mwanamke, jina lake Sigrada. Alikuwa amechoka. Sisemi uchovu ule wa kulala ukaamka umepona. Alichoka magoti, alichoka masikio, alichoka kuwatazama watu wake kila jioni wakitoka, aone kama wote walioingia wametoka na viungo vyao. Wakitoka salama alishusha pumzi. Kisha alikumbuka kwamba kesho ataanza tena.

Sasa sikilizeni habari ya tuzo. Kila mwaka, kabla ya mvua, kiwanda kilimtunza mtu mmoja aliyewakinga wenzake na ajali. Mwaka mmoja walitoa blanketi, mwaka mwingine baiskeli. Mwaka huo ninaousema, mlinzi wa getini alistaafu na kiti chake kikabaki wazi. Ni kiti cha mbao tu, ndani ya kibanda chenye jiko la mkaa. Anayekikalia hupandisha kizuizi lori likija, hukishusha likishapita, hujibu salamu za madereva, na mshahara wake ni uleule wa mbele ya Fisi. Meneja aliona kiti kiko wazi na tuzo inatafutwa, akaviunganisha. Akamwita Sigrada.

"Mtu mmoja kutoka zamu yako," akasema. "Wewe ndiye unayewajua. Utalitaja jina siku ya sherehe, mbele ya watu."

"Mmoja tu, bosi? Kwa nini wasipokezane?"

"Tuzo ikigawanywa si tuzo tena, ni mgao. Na madereva wanataka mtu wa getini wanayemjua."

"Basi tufungieni wavu pale kwenye mkanda, mtu asiweze kunaswa."

"Mwakani," Meneja akasema. Mwaka uliotangulia alisema vivyo hivyo.

Sigrada hakubisha. Aliwahi kubisha, zamani, magoti yake yalipokuwa mazima.

Mwaka huo palikuwa na jambo moja tu ambalo kila mtu alilizungumza, na jambo lenyewe lilikuwa hivi. Juu ya mkanda ilipita kamba ndefu. Ukiivuta, Fisi anasimama. Lakini kamba hiyo ilikuwa na udhia wake: matawi yaliinasa, Fisi akasimama bila sababu, zamu ikachelewa, na zamu iliyochelewa haikupewa sukari ya mwisho wa mwezi. Basi watu wakaizungusha kamba kwenye nguzo, juu kabisa, wakaipiga fundo. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na watoto nyumbani wanaotaka chai.

Aliyekuwa akilifungua fundo hilo ni mwanamke mmoja, Yuditha. Wao wanafunga, yeye anafungua. Wanafunga tena, anafungua tena. Kila asubuhi kabla Fisi hajawashwa husikii ila sauti yake: "Ngojeni kwanza!" Wakambandika jina, Mama Ngoja. Asubuhi moja walimzomea kweli, maana mwezi ulikuwa unaisha na sukari wanaiona. Yuditha akasimama mbele ya swichi, mikono kiunoni. "Hawashi mtu hapa." Akapanda ngazi, akafungua fundo, akaivuta kamba kuijaribu, akashuka.

Siku hiyohiyo, kabla ya chakula cha mchana, koti la mvua la mfanyakazi mmoja, Lwitiko, likanaswa na rola ya mkanda. Akaanguka juu ya mkanda kifudifudi, na mkanda unakwenda. Wenzake wakapiga kelele. Kelele si kitu mbele ya Fisi. Aliyekuwa karibu na kamba alikuwa Kadege, mzee mwenye mkono mmoja. Akaidaka kamba kwa mkono huo mmoja, akajining'iniza mwili mzima. Fisi akakoroma, akakoroma, akasimama. Lwitiko alitolewa mzima. Kofia yake ilikuwa imekwisha kuliwa.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Habari ya kiti ikaenea, na watu wakaanza kumjia Sigrada.

Wa kwanza alikuwa Kadege. Alimkuta bombani akinawa miguu baada ya kazi.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, Baba."

"Unajua mkono wangu ulipo."

"Najua, Baba."

"Umo ndani ya yule mnyama. Siku ile hakuna aliyevuta kamba. Walisimama wananitazama. Nilipopona nikaomba kiti cha getini, wakampa ndugu wa mtu. Nikasema haya, nikarudi kwenye mkanda, kwa sababu sina kazi nyingine niijuayo. Mwenye kovu usidhani kapoa, Sigrada. Kila asubuhi Fisi akiwashwa naumwa mahali ambapo hakuna kitu. Na juzi nilipomwona yule kijana amenaswa, miguu yangu ilitaka kukimbia. Sikukimbia. Kuna watu pale wana mikono miwili, na walichofanya ni kupiga mayowe. Kiti kile ni changu tangu zamani, na juzi nimekipata mara ya pili."

Sigrada akafunga bomba. "Nimesikia, Baba," akasema.

Wa pili alikuwa Yuditha. Alimkuta kwenye chakula, akaketi mbele yake bila salamu, akasogeza bakuli la maharage pembeni ili waonane vizuri.

"Huna la kuniuliza?"

"Sema, dada."

"Kadege kavuta kamba. Mungu ambariki. Lakini mimi ningeiacha juu ya nguzo, angevuta nini? Shati lake?"

"Angevuta hewa."

"Umesema mwenyewe. Mtu akiokolewa, vigelegele. Mtu asiponaswa kabisa, nani wa kumpigia vigelegele? Mwaka mzima nimenuniwa. Mwanangu shuleni wanamwita mtoto wa Mama Ngoja. Wake za watu wananiambia nimewanyima sukari. Nimechoka kuchukiwa na watu ninaotaka warudi nyumbani wazima."

Sigrada alikuwa ameshika tonge. Akalirudisha kwenye sahani. "Yuditha, nikikutoa wewe, nani atakuwa anafungua ile kamba?"

Swali hilo Yuditha alilijua linakuja, na bado lilimuuma.

"Kwa hiyo ningekuwa mvivu ningepata kiti. Kwa kuwa kazi naifanya vizuri, nibaki nayo mpaka initoe roho. Shukrani ya punda mateke! Sikia, Sigrada. Ukininyima kwa sababu ya mkono wa Kadege, nitapiga makofi na watu wote. Ukininyima kwa sababu mnanihitaji, usinisalimie tena."

"Nimesikia, dada," Sigrada akasema. Ugali ukapoa, na hakuna aliyeumaliza.

Wa tatu alikuwa Lwitiko mwenyewe, yule aliyeokolewa. Alimfuata jioni kwenye njia ya kurudi nyumbani, katikati ya milingoti. Alitembea nyuma yake kimya mpaka Sigrada akasimama na kugeuka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mbona unaninyemelea?"

"Lile fundo nililifunga mimi." Aliyasema kwa mkupuo, kama mtu anayemeza dawa chungu. "Mimi ndiye mrefu. Wenzangu waliniambia funga, nikawa nafunga. Na Mama Yuditha alipopanda ngazi, aliyezomea kuliko wote ni mimi."

Sigrada alikuwa akishuku muda mrefu, na hakutaka kujua, maana akijua itabidi afanye jambo.

"Sistahili kitu, najua," Lwitiko akaendelea. "Lakini nimekuja kuomba kiti."

Sigrada alitaka kucheka, kicheko kikakosa nguvu. "Wewe?"

"Tazama, Mama." Akanyoosha mikono. Ilikuwa inatetemeka, na aliposhika mmoja kwa mwingine yote miwili ikatetemeka pamoja. "Ndivyo ilivyo tangu siku ile. Fisi akikoroma, nafumba macho. Nafumba macho nikiwa palepale kwenye mkanda! Jana gogo liliniponyoka likapita pembeni ya mguu wa Mama Yuditha. Hakukwambia?"

"Hakuniambia."

"Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi sikuona ung'ongo, mimi narudishwa kwa nyoka mwenyewe kila asubuhi. Nina mapacha, Mama, hawajaota meno. Ukitafuta wa kumshukuru, mpe Kadege, mpe Mama Yuditha. Ukitafuta kuzuia ajali, nitoe mimi. Atakayefuata ni mimi, au mtu aliyesimama karibu yangu."

"Uache kazi basi, mwanangu."

"Nikale wapi?"

Sigrada alikuwa ameshawauliza wasimamizi wa idara nyingine kama kuna nafasi, kwenye kupika, kwenye kukausha, kwenye kufunga maboksi. Kote walimjibu wamejaa. "Nimesikia," akasema, akaendelea na njia yake, na kila hatua magoti yalimkumbusha umri.

Niwaambie jambo ambalo Sigrada hakumwambia mtu? Kile kiti alikitaka yeye. Alipokuwa akisonga ugali nyumbani kwake alijiona yuko getini, buti ameziweka kando, miguu ameinyoosha karibu na jiko, lori linapiga honi naye anaamka taratibu kwenda kupandisha kizuizi. Akajionea haya. Halafu akawakasirikia wote watatu, kwa sababu kila mmoja alisema kweli, na kweli tatu hazikai kwenye kiti kimoja. Laiti mmoja wao angekuwa mwongo! Usingizi ungekuja.

Siku ya sherehe ikafika. Pilau likapikwa, mashine zikazimwa, na watoto wakaruhusiwa kuingia kuona wazazi wao wanafanya kazi wapi. Chini ya jukwaa wale watatu wakajikuta wamesimama pamoja. Kila mmoja alikuwa ameshajua mwenzake anataka nini, kiwanda hakina siri.

Kadege akaanza, kwa upole. "Kijana, usiogope huo woga wako. Mimi siku niliyopoteza mkono sikuwa na woga hata chembe. Woga ungekuwepo, ningekuwa na mikono miwili. Woga utakulinda."

"Woga unaofumba macho haumlindi mtu," Yuditha akasema. "Majuzi ulikaribia kunivunja mguu mimi."

"Basi si unaona, Mama!" Lwitiko akadakia. "Si ndiyo nasema nitolewe!"

"Utolewe, na mimi nibaki? Uliyefunga fundo ukaote moto, na niliyelifungua nibaki nikifungua?"

Lwitiko akainama, lakini hakuondoka.

Yuditha akamgeukia mzee. "Na wewe, Baba, usinichukie. Mkono wako ni deni la kiwanda. Wakulipe, hata mimi nitakwenda nawe ofisini kudai. Lakini deni la kiwanda lisilipwe kwa tuzo yangu."

"Nimelidai deni hilo tangu hujaajiriwa hapa, binti," Kadege akasema. "Wewe una mikono miwili ya kungojea mwaka mwingine. Mimi nikiukosa huu uliobaki, nitamvutia nani kamba?"

Sigrada alikuwa amesimama karibu, amesikia yote, na moyo ulimuuma hasa pale alipoona kwamba walikuwa hawagombani. Walikuwa wanabembelezana.

Meneja akamwita jina. Sigrada akapanda ngazi za jukwaa, moja moja, akishika goti. Alipofika juu akaona watu wote wa kiwanda, wake zao, waume zao, watoto wao. Akawaona na wale watatu kule chini. Kadege ameinua kidevu. Yuditha amekunja mikono kifuani. Lwitiko ameficha yake mifukoni isionekane. Meneja akasema, "Haya, Sigrada, tutajie mshindi." Sigrada akavuta pumzi.

Namwacha hapo, juu ya jukwaa, na msinilaumu. Ningekuwa mimi ningeomba kwanza maji ya kunywa. Nanyi mliokaa hapo msiharakishe kujibu, maana kumtaja mmoja ni rahisi, makofi yanajipiga yenyewe. Lakini sherehe ikiisha usiku huwa unapita, asubuhi Fisi anawashwa, na wawili kati ya wale watatu wanarudi kusimama mbele yake, na Sigrada pamoja nao.

Je, nani alistahili kile kiti? Na ukishamtaja, niambie na hili: wale wawili wengine, ungewarudisha kwa Fisi kwa kosa gani?