Alama ya Kutoa ya Ukurasa wa Tisa

Kaeni vizuri, na mwenye kikohozi akimalize sasa hivi, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Leo sina sungura wala sultani. Nina watu watatu wenye vipaji, kazi moja, kaburi moja, na fomu yenye nafasi ya jina moja. Nimefundisha fizikia sekondari miaka ishirini na sita na kesi hii imenishinda, ndiyo maana nawaletea nyinyi.

Watatu hao walifanya kazi katika taasisi ndogo huko Mufindi, katikati ya mashamba ya chai, mahali ambapo ukungu hauondoki mpaka saa nne asubuhi. Kazi yao ilikuwa kufikiri juu ya mashimo meusi. Msicheke, ni kazi, na inachosha kuliko kulima.

Wa kwanza ni Atupele Mwambene. Kipaji chake kilikuwa kuuliza. Alikuwa akitazama hesabu iliyokamilika, kila mtu ameridhika, yeye anasema, "Hapa pananikera," bila kujua kwa nini. Mara nyingi miezi sita baadaye ilionekana pana sababu.

Wa pili ni Machano Faki, Mpemba wa Wete. Kipaji chake kilikuwa kukokotoa. Kurasa arobaini za hesabu alizishika kichwani tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, akaandika kwa kalamu ya wino, kwa sababu penseli, alisema, inamzoesha mtu kukosea.

Wa tatu ni Nestory Rweyongeza, Mhaya, mtu wa tai hata siku ya Jumamosi. Kipaji chake kilikuwa kukagua. Kosa lililojificha alilinusa. Wenzake walimwogopa na walimpenda kwa jambo hilohilo.

Swali lao lilikuwa hili. Nyota kubwa ikifa hujididimiza ndani ya uzito wake yenyewe, na panapobaki hata mwanga hautoki. Hilo ndilo shimo jeusi. Lakini fizikia ya kwanta, ile ya vitu vidogo kupita vyote, inasema shimo hilo huvuja joto kidogo kidogo, mpaka siku moja linakwisha kabisa. Sasa, vile vilivyotumbukia, habari zao zimekwenda wapi? Ukichoma barua, mtu mwenye subira isiyo na mwisho angeweza kukusanya moshi na majivu yote na kuisoma tena. Shimo jeusi nalo ni hivyo? Au lina uwezo wa kufuta jambo likawa kama halikuwahi kuwepo?

Atupele ndiye aliyeleta swali kwa namna mpya, akalichonga mpaka likawa dogo kiasi cha kukokotoleka. Bila yeye, hakuna ambaye angejua aanzie wapi.

Machano alikokotoa kwa miaka miwili. Kurasa arobaini na mbili. Jibu likatoka: habari zinafutika. Atupele akasoma, akasema, "Pananikera." Machano akamwambia, "Nionyeshe pa kukukera." Hakuweza.

Mwezi huohuo daktari wa mjini, mwendo wa saa tatu kwa gari kutoka Mufindi, alimwambia Machano kwamba figo zake zimechoka. Alitakiwa kuhamia mjini na kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Alikwenda siku moja tu. Aliporudi hakuweza kushika mstari mmoja wa hesabu kwa siku mbili. "Kichwa kimekuwa uji," alimwambia mkewe, Mwanakheri, na nadhani hapo ndipo alipoogopa kweli. Hata hivyo kazi alikwisha kuimaliza, na mizigo ya kuhamia mjini ilikwisha kufungwa.

Ndipo Nestory akaleta ripoti yake. Ukurasa wa tisa, alisema, alama ya wakati imegeuka, na kila kilichofuata hakiaminiki. Kazi irudiwe kuanzia hapo.

Nisikilizeni hapa, ni fupi. Katika hesabu za anga na wakati, kimoja lazima kipewe alama ya kutoa. Kuna wanaoipa wakati, kuna wanaoipa umbali. Jibu ni lilelile, ila usichanganye. Kila mmoja hushika desturi aliyofundishwa na mwalimu wake, na hufa nayo. Machano aliipa wakati. Nestory aliipa umbali. Ukurasa huo mmoja Machano aliuandika bila kutaja desturi yake, kwa sababu kwake ilikuwa kama kutaja kwamba maji yamelowa. Nestory, hodari yule wa kunusa makosa, akausoma kwa desturi ya mwalimu wake, akaona kosa ambalo halikuwepo.

Machano akafungua mizigo. "Wiki tatu tu, Mama Zuleha," alimwambia mkewe. "Nikishamaliza, mashine na inifunge kamba ikitaka."

"Wiki tatu za daktari au za kwako?" Mwanakheri akauliza.

Machano akakaa mezani akarudia, mstari kwa mstari. Viatu vikamkataa, akawa anavaa kandambili, na baadaye kandambili nazo zikambana. Atupele alipita kila asubuhi, akaona miguu ile iliyovimba, akauliza hali, akaambiwa nzuri, akaenda ofisini kwake. Nakiri kwamba hapa huwa nakasirika.

Kwenye ukurasa wa thelathini na moja Machano akakuta kipande cha hesabu ambacho mara ya kwanza alikitupa kwa kuwa ni kidogo mno, na kila mtu katika kazi hii hukitupa. Safari hii hakukitupa. Akakifuata, akaona kwamba kinakua kadiri shimo linavyozeeka, na mwishoni mwa maisha ya shimo kinakuwa kikubwa kuliko vyote. Kipande hicho ndicho kilichobeba habari na kuzitoa nje pamoja na joto. Hakuna kinachofutika. Jibu la zamani lilipinduka, na hili jipya wakubwa wa fani hiyo wamelipima tangu hapo, hawajaona tundu.

Alimaliza Jumanne. Alhamisi walimpakia kwenye gari kwenda hospitali. Alifariki njiani, saa tano asubuhi, kabla ya Mafinga. Alikuwa na miaka thelathini na tisa.

Siku ya arobaini, baada ya dua, wageni walipoondoka, Mwanakheri aliwabakiza Atupele na Nestory sebuleni. Alileta daftari la mumewe, akalifungua ukurasa wa tisa. Pembeni palikuwa na maneno ya Kiswahili.

"Mie hesabu zenu sizijui," alisema. "Kusoma najua. Hapa ameandika: 'Alama si kosa. Nestory amefuata desturi ya mwalimu wake. Naendelea, kuna kitu hakijakaa sawa.' Tarehe ni siku ya pili baada ya kufungua mizigo. Desturi ya mwalimu ndiyo nini?"

Nestory alisoma mara tatu. Alivua miwani. "Shemeji," alisema, "maana yake nilikosea mimi. Kazi haikuwa na kosa nililolisema. Nimemrudisha mezani bure."

"Si bure," Atupele akasema, na akaanza kulia. "Mimi niliiona ripoti yako siku ulipoileta, Nestory. Nilijua palepale kwamba ni desturi tu. Nikanyamaza. Nilitaka arudie, kwa sababu jibu lilikuwa linanikera na sikuwa na njia nyingine ya kumrudisha."

"Uliiona miguu yake?" Mwanakheri akauliza.

"Niliiona, dada."

"Na yeye alijua," Mwanakheri akasema, akiweka kidole juu ya maandishi ya mumewe. "Siku ya pili alijua. Nusu ya mizigo ilikuwa bado imefungwa mlangoni."

Sasa nishani. Chama cha wanafizikia wa bara letu hutoa nishani moja kwa mwaka, kwa mtu mmoja, aliye hai au aliyekufa, na kanuni iliyotokana na kazi hiyo itabeba jina lake vitabuni. Jina huandikwa na waliofanya kazi wenyewe, na kama mmoja amefariki, mrithi wake hukaa mahali pake. Wasipokubaliana, hakuna anayepewa. Kwa hiyo walikaa tena watatu, Atupele, Nestory na Mwanakheri, ofisini kwa mkurugenzi, mbele ya fomu moja.

Nestory alisema haraka, "Tumwandike Machano. Halina mjadala."

Atupele akaitikia.

Mwanakheri alikataa. Aliongea taratibu, na mkurugenzi aliyenisimulia anasema angependa zaidi kama angepiga kelele. "Mkimwandika yeye, mmejisafisha. Jina lake litasomwa, watu watapiga makofi, nanyi mtarudi makwenu wepesi. Mwanangu Zuleha ana miaka saba. Kila siku ananiuliza kwa nini baba hakwenda hospitali, na nikimwonyesha nishani ya babake ataona kutokwenda kwake kulikuwa jambo jema. Mie sitaki aone hivyo. Wala sitaki kumwambia babake alikufa kijinga."

"Basi tuandike nini, shemeji?" Nestory akauliza.

"Andikeni jina la yule ambaye, kama si yeye, kazi isingekuwepo na mume wangu angekuwepo. Mtu huyo ndiye mwenye kazi, na ndiye nitakayemtajia mwanangu."

Wakainama wote juu ya fomu. Kama si kosa la Nestory, Machano angepanda gari na mizigo yake, na jibu la uongo lingebaki vitabuni. Kama Atupele angefungua kinywa, ni hivyohivyo. Na kama Machano, siku ile ya pili, angeweka kalamu chini, ni hivyohivyo tena. Nimegeuza kila upande, naishia palepale.

Fomu inarudishwa Ijumaa. Mwanakheri ameisogeza katikati ya meza na anangoja. Mimi nimefika mwisho wa ninachokijua. Shika kalamu wewe uliyekaa hapo, ukanisikiliza bila kukohoa: unaandika jina la nani? Na ukishaandika, utamwambia nini Zuleha?